Kula nje Taiwan, kuanzia kibandani hadi meza ya karamu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni yale ninayoulizwa na kila Mswahili anayetua uwanja wa ndege wa Taoyuan na begi lake, awe mwanafunzi, mfanyabiashara au mtu aliyealikwa harusini. Nimeyapanga kuanzia mepesi. Kama umealikwa karamu Jumamosi na leo ni Ijumaa, ruka moja kwa moja hadi swali la 16.

## Mambo ya mwanzo

1. Chakula cha Taiwan si ndicho kile cha "Mchina" tunachokijua Dar na Nairobi?

Sicho. Mizizi mingi ni ya mkoa wa Fujian, ng'ambo ya mlango wa bahari, kisha Wajapani walitawala miaka 50 (1895 hadi 1945) wakaacha alama yao. Baada ya 1949 wakaja wanajeshi na familia zao kutoka kila pembe ya China bara, kila mmoja na sufuria yake. Ndiyo maana katika mtaa mmoja utakuta samaki mbichi wa Kijapani, maandazi ya mvuke ya kaskazini na uji wa samaki wa watu wa pwani.

Ladha ni ya upole. Pilipili huwekwa mezani, atakaye ajipakulie. Kusini, hasa Tainan, watu hupenda sukari hata kwenye mchuzi wa nyama, na mgeni wa mara ya kwanza hudhani mpishi amekosea kopo. Jambo jingine ni namna chakula kinavyotafunika: wao husifia kitu kinachonesanesa mdomoni, nao hukiita "Q". Ukisikia mtu anasema tambi hizi ni Q sana, amezisifu.

2. Kuna aina gani za sehemu za kula?

Kwa mgeni zinatosha tano. Kwanza vibanda na migahawa midogo ya *xiaochi*, yaani vyakula vidogovidogo, pamoja na masoko ya usiku. Hawa ndio mama ntilie wao. Pili *zizhucan*, ambako vyakula vimepangwa kwenye trei, unajipakulia, na mhudumu anapima au anatazama tu sahani na kukutajia bei. Tatu maduka ya chakula cha boksi, *biandang*. Nne *re chao*, migahawa ya kukaanga papo hapo inayochangamka jioni (swali la 14). Tano karamu ya meza za duara, iwe ukumbini au barabarani chini ya turubai (kuanzia swali la 16).

Tofauti kubwa si bei. Katika zile za mwanzo hakuna mtu wa kukuhudumia, na usipojisogeza utakaa na njaa. Katika karamu ni kinyume: kila aliye mezani anakuhudumia, na usipojizuia utashindwa kusimama. Wageni wengi huaibika kwa kuchanganya hizo mbili.

3. Nitalipa kiasi gani, na bakshishi je?

Dola moja ya Marekani ni kama dola 30 za Taiwan, inapanda na kushuka. Bakuli dogo la *lu rou fan*, wali uliomwagiwa nyama ya nguruwe iliyochemshwa kwenye mchuzi wa soya, mara nyingi ni kati ya NT$30 na 50. Tambi za supu ya ng'ombe huwa NT$150 na kuendelea.

Bakshishi haitolewi. Ukiacha sarafu mezani, mhudumu atakukimbilia barabarani akidhani umesahau chenji. Migahawa ya kukaa na kuhudumiwa huongeza asilimia 10 ya huduma kwenye bili, na inaandikwa chini ya menyu. Vibandani nenda na fedha taslimu, maana si kila kibanda kinapokea kadi.

4. Wanafungua saa ngapi?

Maduka ya kifungua kinywa hufungua alfajiri na mengi hufunga kabla au karibu na saa sita mchana. Migahawa ya kawaida hupumzika kati ya saa nane na saa kumi na moja jioni. Wengi huchagua siku moja ya wiki kufunga, mara nyingi Jumatatu. Masoko ya usiku nayo yana ratiba zake: Ningxia na Raohe kule Taipei hufanya kazi kila jioni, lakini soko maarufu la Huayuan la Tainan ni Alhamisi, Jumamosi na Jumapili tu. Mwaka Mpya wa kalenda ya mwezi ukikukuta mjini, nunua chakula mapema.

## Kibandani na kwenye mgahawa mdogo

5. Nimekaa robo saa na hakuna aliyekuja kunisikiliza. Wananibagua?

Hapana, wanakusubiri wewe. Siku yangu ya kwanza Tainan nilikaa kwenye kigoda cha plastiki karibu dakika arobaini, nimekunja mikono kama mgeni rasmi, huku wenzangu wakiingia, wakila na kuondoka. Mwishowe bibi aliyekuwa meza ya jirani akachukua kikaratasi na penseli vilivyokuwa mbele yangu muda wote, akanisukumia.

Utaratibu ni huu. Mezani au karibu na mlango kuna kibunda cha karatasi zenye orodha ya vyakula. Unaandika idadi au unapiga alama mbele ya unachotaka, unaandika namba ya meza (imebandikwa ukingoni), kisha unaipeleka mwenyewe kaunta. Wengine hutaka ulipe papo hapo, wengine ukimaliza, watazame waliokutangulia. Utaulizwa *nei yong* (内用, unakula hapa) au *wai dai* (外帶, unabeba). Ukibeba, supu itamiminwa kwenye mfuko wa plastiki na kufungwa kwa ustadi. Usiogope, haivuji.

Vijiti, vijiko na sosi kajichukulie kwenye rafu. Mwenye duka mwanamume mwite *laoban*, mwanamke *laobanniang*. Ni kama tunavyosema "bosi" au "mama", heshima iliyochanganyika na uchangamfu. Kusini, ukimwita *thau-ke* kwa Kitaiwani, atacheka na huenda kijiko cha nyama kikaongezeka.

6. Sisomi Kichina. Nitaagizaje?

Simu yenye kamera ya kutafsiri inasaidia kwa menyu iliyochapwa, inachemka kwa ile iliyoandikwa kwa mkono ukutani. Njia ya zamani inafanya kazi zaidi: nyoosha mkono kwa heshima kuelekea sahani ya mwenzako na useme *zhege*, "hiki". Sehemu nyingi zina utaalamu mmoja tu. Ukiona watu kumi wanakula bakuli la aina moja, hilo ndilo lililowaleta.

7. Mtu nisiyemjua ameketi mezani kwangu. Nimwambie nini?

Usimwambie chochote. Meza zikijaa watu huunganishwa, na hakuna anayelazimika kuzungumza. Lisogeze bakuli lako, basi.

8. Niagize nini kama tumbo langu limezoea vyakula vya pwani?

Hapa nitakuwa na upendeleo. Nenda Tainan asubuhi ukatafute uji au supu ya samaki wanayemwita *shimu yu*. Huyo ni mwatiko, huyuhuyu anayefugwa kwenye mabwawa ya pwani ya Kenya, Zanzibar na Tanzania bara. Tofauti ni kwamba Tainan wamemgeuza kuwa ustadi: miba yake midogo, zaidi ya 200, huondolewa mmoja mmoja kwa mkono kabla samaki hajaingia jikoni. Tumbo lake lenye mafuta hukaangwa au kuchemshwa na tangawizi. Mara ya kwanza nilipolila nilimkumbuka marehemu bibi yangu, aliyetukataza kuongea mezani siku ya mwatiko tusije tukakwamwa.

Jambo la pili litakalokufariji ni *digua ye*. Ni matembele yenyewe, yaliyochemshwa haraka na kitunguu saumu, nayo yapo karibu kila mgahawa. Onyo moja kwa wasiokula nguruwe lipo kwenye swali la 11.

Supu ya ng'ombe ya Tainan pia usiikose. Vipande vyembamba vya nyama mbichi hupangwa bakulini na kumwagiwa mchuzi unaochemka, viive mbele yako. Ajabu ni kwamba familia nyingi za wakulima wa Taiwan zilikuwa hazili ng'ombe kabisa, kwa kumheshimu mnyama aliyewalimia, na hata leo utakutana na mzee anayemkataa.

9. Chai yenye vidonge vyeusi ni nini, na kwa nini wananiuliza asilimia?

Vidonge ni wanga wa muhogo. Ndiyo, muhogo wetu, umefinyangwa kuwa gololi, ukachemshwa na kulazwa kwenye sukari guru. Kinywaji kilizaliwa Taiwan miaka ya 1980, na maduka mawili, Chun Shui Tang la Taichung na Hanlin la Tainan, yamegombania sifa ya uvumbuzi hadi mahakamani.

Maswali ni mawili: sukari na barafu. Sukari kamili, asilimia 70, nusu, asilimia 30 au bila. Hata aliyelelewa kwa chai ya maziwa ya vijiko vinne ataiona nusu inatosha. Ukitaka sukari kidogo sema *wei tang*, barafu kidogo *shao bing*.

10. Maswali matatu ya haraka: tofu inayonuka, mbwa, na risiti.

Tofu inayonuka hunuka kwa sababu imelowekwa kwenye maji yaliyochachushwa. Iliyokaangwa na kuliwa na kabichi ya siki ni rahisi zaidi kwa anayeanza. Ile ya kuchemshwa iache kwa safari ya pili.

Mbwa hawaliwi. Kuuza au kula nyama ya mbwa au paka kumepigwa marufuku kisheria tangu 2017, na faini ni NT$50,000 hadi 250,000. Kwa hiyo usimwulize mwenyeji wako swali hilo mezani, hata kwa utani. Wamelichoka.

Risiti itunze. Risiti rasmi ina namba ya bahati nasibu ya serikali, iliyoanzishwa mwaka 1951 ili watu waidai na wafanyabiashara walipe kodi. Namba hutolewa tarehe 25 ya kila mwezi wa witiri. Zawadi kubwa ni NT$10,000,000 na ndogo ni 200. Mgeni naye anaruhusiwa kushinda. Vibanda vidogo havilazimiki kuitoa.

## Nguruwe, halali na mboga

11. Sili nguruwe. Nitamkwepaje?

Kwa kuelewa jambo moja: menyu ikisema "nyama" bila jina la mnyama, ni nguruwe. Kwetu ukisema nyama mtu anafikiria ng'ombe. Kwao *rou* peke yake ni nguruwe, na ng'ombe lazima atajwe, *niu rou*. Kwa hiyo *lu rou fan* haimtaji mnyama yeyote na bado ni nguruwe mtupu.

Tatizo la pili ni yale yasiyoonekana. Matembele niliyoyasifia kwenye swali la 8 mara nyingi humwagiwa mchuzi wa nyama ya kusaga au mafuta ya nguruwe. Supu ya tambi huweza kuwa imechemshwa kwa mifupa yake. Wali wa bata mzinga wa Chiayi unaonekana salama, lakini uliza mafuta waliyotumia. Sema *wo bu chi zhu rou* (sili nyama ya nguruwe), kisha ongeza *ye bu yao zhu you* (wala mafuta yake). Ukisema la kwanza tu, wataondoa vipande vya nyama na kukuletea bakuli lilelile.

Kuna msaada ambao wengi hawaujui. Tangu Januari 2021 migahawa inatakiwa kuonyesha nguruwe wake ametoka nchi gani. Ukiona kibandiko chenye herufi 豬 ukutani, duka linajitangaza lenyewe kwamba jikoni kuna nguruwe.

12. Chakula halali nakipata wapi?

Tafuta herufi 清真. Taipei ina migahawa ya tambi za ng'ombe ya Waislamu wa Kichina, ya miaka mingi na isiyo na mapambo. Siku ya Ijumaa nenda Msikiti Mkuu wa Taipei, uliojengwa 1960 kwenye barabara ya Xinsheng Kusini. Nje ya geti wauzaji hupanga meza za vyakula, na baada ya swala utasikia Kiindonesia, Kiurdu, Kiarabu na mara mojamoja "Asalaam aleikum, ndugu, umetoka Tanga?" Jumuiya nyingine iko Longgang, Taoyuan, ambako familia zilizotoka Yunnan kupitia Burma zimezunguka msikiti wao kwa maduka ya tambi pana za mchele.

Pombe nayo ni mtego. Divai ya mchele, *mi jiu*, huingia kwenye kuku wa *san bei ji*, kwenye supu za kuku na bata za msimu wa baridi, hata kwenye samaki wa mvuke. Nje ya maduka yenye 清真, usidhani kuku ni salama kwa sababu ni kuku.

13. Nakula mboga tu. Ni vigumu?

Ni rahisi kuliko karibu kila mahali nilipowahi kuishi. Ubudha umeacha maelfu ya migahawa yenye herufi 素 (*su*, chakula cha mboga), wakati mwingine pamoja na alama 卍, ambayo hapa ni ya hekaluni na haihusiani na Ujerumani. Mingi ni *zizhucan* ya kupima kwa uzito. Jua tu kwamba *su* ya kidini hukataa pia vitunguu na vitunguu saumu, lakini yaweza kuruhusu mayai na maziwa. Kama hutaki hata hayo, sema *quan su*.

## Re chao: mezani na wenzako wa kazini

14. Wenzangu wamenialika re chao. Nitegemee nini?

Kelele. Ni ukumbi ulio wazi, taa nyeupe, vigoda vifupi, na moto wa gesi unaonguruma nyuma. Zamani karibu kila sahani iliuzwa NT$100, na mabango mengine bado yanaitaja namba hiyo ingawa bei zilishakimbia.

Sahani zinawekwa katikati na kila mtu anachota. Mnaanza na chache kisha mnaongeza. Za kuagiza: chaza waliokaangwa na majani ya rihani, *san bei ji* (mchuzi wa soya, mafuta ya ufuta na divai ya mchele), na kamba wa nanasi waliopakwa mayonezi na kunyunyiziwa punje za rangirangi kama keki ya mtoto. Hao wa mwisho niliwacheka kwa mwaka mzima, siku hizi nawaagiza wa kwanza.

Bia mnajichukulia wenyewe kwenye friji, mnakunywa kwa bilauri ndogo, na mwishoni chupa tupu ndizo zinazohesabiwa. Usizisogeze meza ya jirani.

15. Menyu ya samaki haina bei, imeandikwa 時價. Ni nini hicho?

Ni "bei ya leo". Uliza kabla samaki hajatolewa kwenye tangi, na uliza kama ni kwa mnyama mzima au kwa uzito. Kuuliza si ubahili, wenyeji wote huuliza.

## Karamu ya meza za duara

16. "Ban-to" ni nini?

Neno la Kitaiwani lenye maana ya kuandaa meza. Ni karamu ya harusi, ya sherehe ya hekalu, ya kuingia nyumba mpya, inayopikwa pale pale mtaani. Mswahili hahitaji maelezo mengi: barabara imefungwa, maturubai yamesimikwa usiku, viti vya plastiki vimepangwa, na anayetaka kupita na gari azunguke. Kinachotofautiana ni jiko. Mpishi mkuu, *tsong-phoo-sai*, huja na lori lenye majiko, matangi ya gesi na minara ya masufuria ya mvuke, pamoja na kikosi cha wasaidizi wanaoitwa *tsui-kha*, "miguu ya maji", wengi wao kina mama wa kijijini. Wilaya ya Neimen, Kaohsiung, inajulikana nchi nzima kwa kutoa wapishi hawa.

Simama nyuma ya turubai dakika tano uwatazame. Sahani hamsini zimepangwa chini kwenye safu, mama mmoja anapita na sufuria ya wali wa kunata, wa pili anaweka nusu ya kaa mwekundu juu yake, wa tatu majani, na kabla wa tatu hajamaliza safu, wabebaji wameshaanza kuondoka na za mwanzo, sinia mbili mbili. Hakuna anayepaza sauti isipokuwa mpishi mkuu.

Mijini wengi sasa hufanyia hotelini au kwenye kumbi. Mpangilio ni uleule: meza ya duara ya watu kumi, kioo cha kuzunguka katikati, vyakula kumi hadi kumi na viwili.

17. Bahasha nyekundu: niweke kiasi gani?

Kwetu mchango huombwa miezi mitatu kabla, na kamati inakupigia simu. Kwao hakuna kamati. Unatoa mlangoni, ndani ya bahasha nyekundu yenye jina lako. Atakayepokea ataifungua mbele yako, atahesabu na kuandika daftarini. Usikasirike, hujatiliwa shaka. Daftari hilo litatumika siku utakapooa wewe au mwanao, ili urudishiwe kwa heshima.

Kiasi kiwe cha shufwa ukihesabu kwa mamia: 2,000, 2,200, 2,600, 3,600, kupanda hadi 6,000 na zaidi kwa ndugu au rafiki wa karibu. Namba 4 iepuke, inasikika kama kifo. Wengine huepuka pia 8 kwa sababu kwa sikio lao inakaribia neno la kutengana. Karamu ya hoteli hudai zaidi kuliko ya turubai. Muulize mwenzako wa kazini anayekwenda, mtoe sawa. Witiri, kama 1,100 (mia kumi na moja), na bahasha nyeupe, ni vya msiba. Kosa hilo ndilo ambalo halisahauliki.

18. Kadi inasema saa kumi na mbili jioni. Ni saa kumi na mbili kweli?

Utajisikia nyumbani. Chakula huanza nusu saa hadi saa nzima baadaye. Fika kwa wakati hata hivyo, utoe bahasha na upate kiti kizuri.

19. Nikae wapi?

Mlangoni wataulizia wewe ni mgeni wa upande wa bwana harusi au bibi harusi, nao watakuelekeza meza. Usiisogelee meza kuu, ile iliyo karibu na jukwaa. Kiti cha heshima hapo, hasa kwa desturi ya zamani, ni cha mjomba, kaka wa mama. Wataiwani wana msemo: mbinguni mkubwa ni Mungu wa Mbingu, duniani mkubwa ni mjomba. Wapo wazee wanaokumbuka karamu zilizocheleweshwa kwa sababu mjomba alikuwa bado njiani. Nilipomwambia mwenyeji wangu kwamba kwetu nako mjomba ana sauti kwenye ndoa ya mpwa wake, alinijazia bakuli mara mbili.

20. Vyakula vinakujaje, na nile kwa mwendo gani?

Kimoja kimoja, na hapo ndipo mgeni anapoumia. Cha kwanza ni sinia la vitu baridi, mara nyingi na kamba koche na mayonezi, na vipande vya mayai ya samaki yaliyokaushwa. Hayo ni mayai ya mkizi, hukamatwa majira ya baridi kali, hutiwa chumvi, hukandamizwa na kuanikwa, kisha huchomwa kidogo na kukatwa vyembamba, kuliwa na kipande cha figili na jani la kitunguu saumu. Ni ghali, chukua kimoja.

Kisha supu nzito, huenda *fo tiao qiang*, "Buddha anaruka ukuta", chungu chenye nyama, mbavu, magimbi na mengine mengi. Samaki mzima wa mvuke. Wali wa kunata na kaa. Kuku kwenye supu. Vitu vitamu vya kukaanga, kisha matunda, na matunda ndiyo dalili ya mwisho. Mimi karamu yangu ya kwanza nilishiba kwenye cha tatu, nikadhani tumemaliza, nikaanza kuaga. Vilibaki tisa.

Kioo zungusha taratibu, tazama kama kuna mtu anachota, na chakula kipya apewe kwanza mzee. Tumia vijiti vya kuchotea kama vipo. Jirani akikuwekea kitu bakulini, ni mapenzi. Kama hukitaki kiache tu hapo bila maneno. Bakuli likiwa tupu, litajazwa.

Vijiti visisimamishwe wima ndani ya wali, vinafanana na ubani wa marehemu. Kwenye vijiji vya wavuvi samaki hageuzwi, ni kama kugeuza mashua; upande wa juu ukiisha, inua mfupa.

21. Sinywi pombe. Nitakwepaje hizo "gan bei"?

Huhitaji kukwepa. Inua chai au juisi na useme *yi cha dai jiu*, "chai badala ya pombe". Inakubalika kabisa, na dereva mmoja mezani atakuwa anafanya vivyo hivyo. Wanaokunywa wajue kwamba *gan bei* ni kumaliza, *sui yi* ni kiasi upendacho. Ukigonganisha na mkubwa wako, ukingo wa bilauri yako uwe chini ya wake. Maharusi na wazazi watapita meza hadi meza. Wakifika kwenu, simama. Wakati wa kampeni hata mgombea udiwani atapita akishika mikono, naye msimamie.

22. Ni kweli kichwa cha kuku kinaweza kukufukuzisha kazi?

Ilikuwa hadithi ya *weiya*, karamu ya waajiri kwa wafanyakazi inayofuata desturi ya tarehe 16 ya mwezi wa kumi na mbili wa kalenda ya mwezi. Aliyeelekezewa kichwa cha kuku mezani ndiye hatarudi mwaka mpya. Siku hizi mabosi hutumia barua, na *weiya* ni bahati nasibu, muziki na wakubwa waliovaa mavazi ya kuchekesha. Hata hivyo wapishi wengi bado hukiondoa kichwa au kukielekeza kwa bosi mwenyewe.

23. Kufunga mabaki ni aibu?

Ni desturi. Kuelekea mwisho mifuko ya plastiki itazungushwa mezani, na mama mwenye uzoefu ataongoza ugawaji. Mabaki yaliyochanganywa na kuchemshwa pamoja kesho yake yana jina lake, *tshai-bue*, na wapo wanaoyapenda kuliko karamu yenyewe. Usichukue kabla ya wazee kuchagua. Muislamu akumbuke kwamba kilichochanganywa hakichambuliki tena (swali la 11 na 12).

24. Nikiwa sili nguruwe, nitakula nini kwenye vyakula kumi na viwili?

Mwambie aliyekualika siku kadhaa kabla, si mlangoni. Karamu nyingi zina angalau meza moja ya *su* kwa wageni wanaokula mboga, na ndiyo njia salama kuliko kuchagua samaki na kamba kwenye meza ya kawaida. Utakaa na mashangazi wa Kibudha. Ni meza yenye utulivu na umbea bora kuliko zote.

25. Naondokaje?

Matunda yakishafika, watu hunyanyuka karibu kwa pamoja na ukumbi huwa mtupu ndani ya dakika kumi. Mlangoni bibi harusi husimama na sinia la peremende. Chukua moja, piga picha, toa pongezi. Lakini kama ni karamu ya uchumba na umekuja na upande wa bwana harusi, mambo hugeuka. Kwa desturi upande huo huondoka kabla ya mwisho na bila kuaga, maana "tutaonana tena" ingekuwa kuomba uchumba urudiwe. Ukiona wenzako wanateleza kimya kuelekea mlangoni na samaki bado yuko mezani, weka vijiti chini uwafuate.